Tuskegee: nani ni mwana wa mji, nani aliletwa na chuo

Swali la msomaji: "Nafundisha historia sekondari, mkoani Mbeya. Desemba nitakuwa Atlanta kwa dada yangu, naye ameahidi kunipeleka Tuskegee, Alabama, twende na kurudi siku hiyohiyo. Kila ninaposoma kuhusu mji huo nakutana na orodha ndefu: Booker T. Washington, Carver, Rosa Parks, Lionel Richie, marubani wa vita, wanaume waliodungwa kaswende. Mji wa watu wasiofika elfu kumi uliwapataje wote hao? Yapi ni ya kweli, na nikifika nianzie wapi? Tena, mtu akitaka kumfuatilia mkazi wa kawaida wa huko, asiye mashuhuri, kumbukumbu zake ziko wapi?"

Mwalimu, mji haukuwazaa; wengi wao waliletwa. Katika majina uliyotaja, waliozaliwa Tuskegee ni Rosa Parks, mwanaharakati wa haki za Weusi, na mwimbaji Lionel Richie, basi. Tena Rosa Parks, aliyezaliwa hapo tarehe 4 Februari 1913, alihamishwa angali mdogo kwenda Pine Level, kusini-mashariki mwa Montgomery, akakulia huko kwa wazazi wa mama yake. Washington alizaliwa utumwani Virginia mwaka 1856. Carver, mtaalamu wa kilimo, naye alizaliwa utumwani, Missouri, karibu na mwaka 1864. Kilichowakusanya ni chuo kimoja, na chuo hicho kilinunuliwa kwa kura. Ishike hiyo habari ya kura tangu mwanzo, maana bila yake utabaki na orodha ya majina yasiyoshikana.

Kwa hiyo kabla hujafunga safari, chora safu nne kwenye daftari: aliyezaliwa Tuskegee, aliyefanya kazi Tuskegee, aliyesoma Tuskegee, na aliyetendewa jambo Tuskegee. Kila jina unalokutana nalo litie katika safu yake. Makosa mengi yanayoandikwa kuhusu mji huu yanatokana na kuchanganya safu hizo, na pia kuchanganya mambo manne yenye jina moja: mji, chuo, uwanja wa ndege, na ule utafiti wa kaswende. Chuo hakikuendesha jeshi la anga, na mji haukuanzisha utafiti.

Mwanzo wa mji ni mfupi kusimulia. Ardhi ilikuwa ya taifa la Muscogee, ambalo Wazungu waliliita Creek, na jina lenyewe limetokana na Taskigi, mji wao wa kale. Mkataba wa Machi 1832 uliwanyang'anya ardhi yao ya mwisho mashariki ya mto Mississippi, kaunti ya Macon ikaundwa Desemba mwaka huohuo, na mwaka 1833 Thomas Woodward, askari wa zamani wa vita dhidi yao, akapima viwanja vya mji. Kuanzia 1836 jeshi liliwahamisha Wamuscogee kwa nguvu kwenda ng'ambo ya Mississippi. Nyuma yao wakaja wenye mashamba ya pamba na watumwa wao. Ndiyo maana vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, Weusi walikuwa wengi kuliko Wazungu katika kaunti hiyo, na wanaume wao walipopata haki ya kupiga kura, hesabu hiyo ikawa na uzito.

Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye vitabu vingi humpitia haraka: Lewis Adams. Alikuwa mtumwa, na baada ya uhuru akawa mfua bati, mshona viatu na mtengenezaji wa hatamu za farasi, mwenye duka lake mjini. Katika uchaguzi wa 1880, W. F. Foster, aliyekuwa kanali wa jeshi la Kusini lililoshindwa, alitaka kiti cha Seneti ya jimbo. Alimwuliza Adams angetaka nini ili amletee kura za Weusi. Adams hakuomba fedha wala cheo. Aliomba shule. Foster akashinda, na Februari 1881 bunge la Alabama likapitisha sheria ya kutenga dola 2,000 kila mwaka kwa ajili ya chuo cha kufundisha walimu Weusi mjini Tuskegee. Mzungu mfanyabiashara, George Campbell, aliyewahi kumiliki watumwa, alishirikiana na Adams katika kamati ya kukianzisha. Kamati ndiyo iliyokiandikia chuo cha Hampton, Virginia, kuomba mwalimu mkuu, na Hampton wakamtuma kijana wa miaka 25, Booker T. Washington. Kwa hiyo ukiwaambia wanafunzi wako kwamba Washington "alianzisha" Tuskegee, ongeza kwamba alikuta sheria imepita, fedha imetengwa na kamati ipo.

Alichokuwa hajakikuta ni chuo. Sheria ilisema zile dola 2,000 ni za mishahara ya walimu. Haikutoa hata senti moja ya ardhi, jengo au kitabu. Masomo yalianza tarehe 4 Julai 1881 na wanafunzi 30, katika kibanda kibovu karibu na kanisa la Butler Chapel. Paa lilivuja kiasi kwamba mvua ikinyesha mwanafunzi mmoja alimshikia mwalimu mwavuli. Wiki chache baadaye alifika Olivia Davidson, mwalimu ambaye jina lake linastahili kukaa karibu zaidi na la Washington kuliko linavyokaa kwa kawaida, maana yeye ndiye aliyezunguka kuchangisha fedha nyingi za mwanzo. Walipata shamba la pamba lililoachwa, ekari 100, kwa dola 500. Nusu ya bei walikopeshwa na mweka hazina wa Hampton kutoka mfukoni mwake.

Kisha matofali. Hapa nakaa kidogo kwa sababu ndipo falsafa ya Washington ya "kazi ya mikono" inapoonekana bila maneno matupu. Mji haukuwa na kiwanda cha matofali, na udongo wa mfinyanzi ulikuwapo shambani, kwa hiyo walianza kufyatua wenyewe. Tanuri la kwanza, lenye matofali kama 25,000, liliharibika kwa sababu halikupangwa vizuri. La pili likaharibika vilevile. La tatu lilielekea kufaulu. Kuchoma huchukua karibu wiki nzima, na lilikuwa limebakiza saa chache, lilipoporomoka usiku wa manane. Fedha ikaisha. Washington alichukua saa yake ya mfukoni mpaka Montgomery akaiweka rehani kwa dola 15, akawalipa vibarua, na jaribio la nne likafaulu. Saa hakuikomboa. Aliyewahi kuchoma matofali Mbeya anajua kwa nini matatu ya kwanza yalishindikana: njia za moto zisipopangwa sawa, moto hula upande mmoja, matofali ya upande wa pili hubaki mabichi, na tanuri likilainika upande mmoja huangukia huko. Baadaye wanafunzi walifyatua zaidi ya milioni moja kwa msimu, wakawauzia hata Wazungu wa mjini. Majengo mekundu utakayoyaona chuoni yamejengwa kwa matofali ya wanafunzi, na mengi yamechorwa na Robert R. Taylor, msanifu majengo Mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha teknolojia cha MIT, mwaka 1892. Nyumba ya Washington iitwayo The Oaks, ya mwaka 1899, ni kazi yake.

Carver alifika 1896 na shahada ya uzamili ya kilimo kutoka Iowa. Tafadhali wafutie wanafunzi wako ile habari kwamba aligundua siagi ya karanga. Hataza ya karanga zilizosagwa ilitolewa Marekani mwaka 1884 kwa Mkanada, Marcellus Edson, miaka kumi na miwili kabla Carver hajakanyaga Alabama. Carver katika maisha yake yote alipata hataza tatu tu, kati ya 1925 na 1927, za vipodozi na rangi. Ukubwa wake uko mahali pengine. Udongo wa Macon ulikuwa umechoshwa na pamba, na mkulima aliyelima kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi hakuwa na fedha ya mbolea. Carver alimwambia apande kunde, karanga na viazi vitamu kwa zamu na pamba, kwa kuwa mimea ya jamii ya kunde huirudishia ardhi naitrojeni. Ikabaki taabu: mkulima atazifanyia nini karanga zisizo na soko? Ndipo kikaja kile kijitabu chake cha 1916 chenye njia 105 za kuandaa karanga kwa chakula. Yalikuwa mapishi ya mama wa nyumbani maskini. Waandishi wa magazeti ndio walioyageuza kuwa "uvumbuzi".

Mwaka 1906 chuo kilianzisha gari la kukokotwa na wanyama, lenye zana na mbegu, likizunguka vijijini kufundisha wakulima mashambani kwao. Aliyeliendesha, Thomas Campbell, aliajiriwa na Wizara ya Kilimo Novemba mwaka huohuo. Sisi tungemwita bwana shamba. Alikuwa Mweusi wa kwanza nchini Marekani kushika kazi hiyo.

Kuna uzi unaofika Afrika Mashariki pia, na utafaa darasani kwako. Mwaka 1921 Harry Thuku aliandika Tuskegee kuomba msaada wa elimu kwa vijana wa Kenya. Mwaka 1924 tume ya elimu ya mfuko wa Phelps-Stokes, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones na yenye James Aggrey wa Ghana miongoni mwa wajumbe, ilizunguka nchi zetu ikipendekeza elimu ya mtindo wa Hampton na Tuskegee: kilimo, useremala, afya ya nyumbani. Mwaka uliofuata Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete kwa mtindo huo. Serikali ya kikoloni iliupenda kwa sababu zake, na wazazi wengi wa Kiafrika waliushuku kwa sababu zao: waliona watoto wao wanapewa jembe ilhali watoto wa watawala wanasoma Kilatini. Hoja hiyohiyo mwanazuoni Mweusi W. E. B. Du Bois alikuwa ameshamtolea Washington tangu 1903. Ila kabla hujamweka Washington upande wa wanyenyekevu, waambie wanafunzi jambo ambalo halikujulikana wakati wake. Katiba mpya ya Alabama ya 1901 iliwafuta Weusi karibu wote katika orodha ya wapiga kura, na Washington, aliyekuwa kimya hadharani, alilipia kwa siri kesi ya kuipinga iliyofika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1903. Kesi ilishindwa. Chuo kilichozaliwa kwa kura kikajikuta, miaka ishirini baadaye, katika kaunti ambayo Weusi wake karibu wote hawana kura.

Washington alifariki hapohapo tarehe 14 Novemba 1915. Waliomfuata walikijenga kwa namna zao. Robert Moton alipambana mwaka 1923 serikali ilipofungua mjini hospitali ya askari wastaafu Weusi, huku Wazungu wa mjini wakitaka madaktari wote wawe Wazungu. Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, waliandamana mjini Julai mwaka huo. Moton hakurudi nyuma, na mwaka 1924 daktari Mweusi, Joseph Ward, akawa mkuu wa hospitali. Frederick Patterson aliyemfuata alianzisha mwaka 1944 mfuko wa pamoja wa vyuo vya Weusi, na pia alianzisha shule ya tiba ya wanyama chuoni.

Hospitali na chuo vilizalisha jambo ambalo Wazungu wa Macon hawakulitarajia: mamia ya madaktari, walimu na wauguzi Weusi wenye mishahara ya serikali kuu na ya chuo, ambao mwenye shamba la pamba hakuweza kuwatishia kuwafukuza kwenye ardhi. Watu hao walitaka kura. Bodi ya kuandikisha wapiga kura ilitumia kila hila: ilidai kila Mweusi adhaminiwe na Mzungu mpiga kura, na mara nyingine wajumbe walijiuzulu ili pasiwe na bodi kabisa. Profesa wa sosholojia, Charles Gomillion, aliongoza chama cha kiraia cha mji kwa subira ya miaka mingi, wakifika mia kadhaa walioandikishwa. Ndipo mwaka 1957 bunge la jimbo likachora upya mipaka ya mji. Tuskegee ilikuwa mraba. Ikawa umbo la pande 28. Chuo kiliachwa nje, pamoja na karibu wapiga kura wote Weusi 400, wakabaki wanne au watano. Hakuna mpiga kura Mzungu hata mmoja aliyetolewa.

Weusi wa mji walijibu kwa mfuko wa fedha: waliacha kununua katika maduka ya Wazungu mjini, na maduka kadhaa yakafungwa. Kesi waliikabidhi kwa wakili kijana, Fred Gray, yuleyule aliyemtetea Rosa Parks mwaka 1955. Tarehe 14 Novemba 1960 Mahakama Kuu ya Marekani ilikubaliana nao kwa kauli moja kwamba jimbo haliwezi kuchora mipaka ya mji ili kuwanyima watu kura kwa rangi yao. Mnamo 1961 mipaka ya zamani ikarudi. Mwaka 1966 kaunti ikamchagua Lucius Amerson kuwa mkuu wake wa polisi, wa kwanza Mweusi katika Kusini tangu karne ya 19, na mwaka 1972 Johnny Ford akawa meya. Ila usisimulie kana kwamba ulikuwa mteremko. Septemba 1963 gavana George Wallace alituma askari wa jimbo kuzuia sekondari ya mji isipokee watoto 13 Weusi. Shule ilipofunguliwa, familia za Wazungu ziliondoa watoto wao zikaanzisha shule binafsi. Na tarehe 3 Januari 1966 Sammy Younge, mwanafunzi wa chuo na mwanaharakati, aliyezaliwa mjini hapo, alipigwa risasi kwenye kituo cha mafuta katika ugomvi wa kutumia choo. Aliyempiga aliachiwa huru na mahakama. Wanafunzi walishuka uwanja wa mjini wakaipaka rangi sanamu ya askari wa Kusini iliyo katikati yake. Sanamu haikuondolewa kwa miaka mingi, na sababu ilikuwa ya kisheria: kaunti ilikabidhi kiwanja hicho mwaka 1906 kwa chama cha mabinti wa askari wa Kusini, kwa hiyo mji wenye wakazi Weusi karibu wote ulikaa muda mrefu na uwanja wa katikati usio wake.

Sasa kaswende, kwa sababu katika swali lako umeandika "waliodungwa". Hawakudungwa. Utafiti ulianzishwa na Idara ya Afya ya Umma ya Marekani mwaka 1932, ukachukua wanaume 600 wa kaunti ya Macon: 399 waliokuwa tayari na kaswende ya siku nyingi na 201 wasiokuwa nayo, wa kulinganisha. Wengi walikuwa wakulima wa kugawana mavuno. Waliambiwa wana "damu mbaya" na kwamba wanatibiwa. Kosa lenyewe ni kwamba hawakuambiwa ugonjwa wao na hawakutibiwa. Kutobolewa uti wa mgongo kuchukua maji kuliitwa tiba maalumu, na familia ziliahidiwa gharama za mazishi ili zikubali maiti ipasuliwe. Penisilini ilipokuwa tiba ya kawaida kufikia mwaka 1947, walinyimwa, na hiyo iliendelea miaka 25 zaidi, mpaka mwandishi Jean Heller alipotoa habari tarehe 25 Julai 1972, kutokana na nyaraka za Peter Buxtun, mtumishi wa idara hiyohiyo aliyekuwa amelalamika ndani bila kusikilizwa. Wakili wa wanaume hao alikuwa, tena, Fred Gray. Fidia ya dola milioni 10 ilikubaliwa 1974. Rais Clinton aliomba radhi tarehe 16 Mei 1997. Walioambukizwa kwa makusudi na madaktari wa idara hiyo ni watu wengine kabisa, huko Guatemala, 1946 hadi 1948. Visa hivi viwili huchanganywa sana. Hospitali ya chuo ilishiriki kwa kutoa vyumba na wahudumu, muuguzi Eunice Rivers akiwa ndiye aliyewafuatilia wagonjwa miaka yote. Watu wa Tuskegee wenyewe hawapendi utafiti huo uitwe kwa jina la mji wao, na nadhani wana haki: jina la idara iliyoufanya ndilo lilipaswa kubaki.

Kuhusu marubani, mafunzo ya Weusi wa kwanza katika jeshi la anga la Marekani yalianza Julai 1941. Kati ya vijana 13 wa darasa la kwanza walihitimu watano, Machi 1942, mmoja wao Benjamin O. Davis Mdogo, aliyekuja kuwa jenerali. Hadi 1946 marubani 992 walihitimu. Utasikia kwamba hawakupoteza ndege hata moja ya mabomu waliyoisindikiza. Si kweli, rekodi za jeshi zinaonyesha ndege 27 za mabomu zilizoangushwa na ndege za adui zikiwa chini ya ulinzi wao. Idadi hiyo ni ndogo ukilinganisha na vikosi vingine vya kazi hiyohiyo, kwa hiyo ukweli unawapa sifa ya kutosha. Jingine la kuangalia: uwanja wa ndege wa Moton Field, utakakoenda, palikuwa pa mafunzo ya awali. Kambi kubwa ya jeshi ilikuwa mahali pengine nje ya mji, na usipoliangalia hilo utasimama mahali pasipo ukidhani ndipo walipopokea mbawa zao.

Waliobaki nawapitia haraka. Lionel Richie alizaliwa 1949 akakulia katika mazingira ya chuo, na kundi lake la muziki, Commodores, lilianzishwa na wanafunzi wa hapo mwaka 1968. Mwandishi Ralph Ellison alikuja 1933 kusoma muziki akaondoka bila kumaliza. Alice Coachman, mwanamke Mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki, London 1948, kuruka juu, alilelewa kimichezo na kocha Cleveland Abbott wa Tuskegee. Na jambo wachache wanalolijua: kuanzia 1953 maabara ya chuo, chini ya Russell Brown, ilizalisha kwa wingi seli za HeLa, yaani seli za binadamu zinazokuzwa maabara, za kupimia chanjo ya polio ya Salk, ikizisafirisha maabara mbalimbali nchini.

Safari yenyewe. Kutoka Atlanta ni kama kilomita 200 kwa barabara kuu ya I-85, saa mbili hivi, na gari ni lazima maana treni ya abiria haifiki. Alabama iko nyuma ya Georgia kwa saa moja. Mkitoka Atlanta saa mbili asubuhi mtafika saa tatu kwa saa za Tuskegee. Wakati wa kurudi saa hiyo mtairudisha. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Maeneo mawili ya taifa, la chuo na la marubani, hayana kiingilio, lakini hufungwa tarehe 25 Desemba na 1 Januari, na si kila siku ya wiki yote hufunguliwa. The Oaks hasa hufungwa mara kwa mara kwa matengenezo. Piga simu kwanza.

Anzeni Moton Field asubuhi, kwa kuwa ni jirani na barabara kuu. Halafu chuoni: makumbusho ya Carver, yaliyo katika jengo lililokuwa dobi la chuo, sanamu ya 1922 ya Washington akimfunua mtu shela, makaburi, ambako Carver amezikwa karibu na Washington, na kanisa la 1969, lililojengwa baada ya lile la Taylor kuungua 1957. Kumbuka hiki ni chuo kinachofanya kazi, si makumbusho, kwa hiyo msiingie madarasani wala msiwapige picha wanafunzi bila ruhusa. Mwisho teremkeni uwanja wa mjini, kwenye mahakama ya kaunti na ile sanamu. Hapo karibu pana kituo cha historia alichokianzisha Fred Gray, chenye majina ya wanaume wa utafiti. Saa ikiruhusu, endesheni kaskazini hadi Notasulga, kanisa la Shiloh, ambako baadhi ya wanaume hao waliandikishwa na wamezikwa. Jirani na kanisa pana shule ya Rosenwald iliyokarabatiwa, mojawapo ya karibu 5,000 zilizojengwa Kusini kwa mpango ulioanzia Tuskegee, kwa fedha za Julius Rosenwald pamoja na michango na nguvu za wanakijiji. Watu wengi hulikosa eneo hili, nami ningeacha jambo jingine nilione.

Kuhusu mkazi wa kawaida, kazi unaweza kuianza ukiwa Mbeya, kwa kuwa nyaraka nyingi ziko mtandaoni. Anza na sensa ya 1950, iliyofunguliwa 2022, urudi nyuma miaka kumi kumi. Ya 1890 ruka, maana karibu yote iliharibika kwa moto wa 1921. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika waliokuwa watumwa kwa majina. Ukivuka nyuma yake utakwama, kwa sababu orodha za watumwa za 1850 na 1860 zina umri, jinsia na rangi chini ya jina la bwana, bila jina la mtumwa. Hapo badilisha njia: mtafute bwana. Wosia wake, hesabu ya mirathi na hati zake za ardhi ziko katika ofisi ya jaji wa mirathi, mahakama ya kaunti ya Macon, na katika hesabu ya mirathi watumwa hutajwa kwa majina na bei. Usidhani mtu aliyeachwa huru alichukua jina la bwana wake wa mwisho, wengi hawakuchukua. Tafuta pia kwa tahajia tatu nne, maana karani aliandika alivyosikia.

Kwa wanaume ipo nyaraka moja zaidi, na kwa mji huu ndiyo ninayoipenda: orodha ya wapiga kura ya Alabama ya 1867, iliyoandikwa miaka mitatu kabla ya sensa ile ya kwanza. Inatunzwa na Idara ya Kumbukumbu ya jimbo, Montgomery, na inatafutika mtandaoni kwa kaunti na jina. Chagua Macon. Utaona jina, rangi na eneo la kujiandikishia, wanawake hawamo. Karatasi za Booker T. Washington ziko Maktaba ya Bunge, jijini Washington, za chuo ziko chuoni, na majalada ya wagonjwa wa utafiti yako tawi la Hifadhi ya Taifa karibu na Atlanta, mji wa Morrow. Hayo ya mwisho yana masharti ya faragha, kwa hiyo andika ombi mapema ukieleza unamtafuta nani na kwa nini.